Binamu kanipandishia kenchi zina mawimbi, na mama anataka Idi imkute kwake

Shangazi shikamoo,

Mi ni msomaji wako wa siku nyingi ila sijawahi kuandika, leo imebidi maana usingizi umekata kabisa. Mi mzaliwa wa Tanga, Ngamiani, kikazi niko Dodoma mwaka wa 9 sasa, ndo mkubwa kwa mama, nyuma yangu kuna mdogo wangu wa kike kaolewa Muheza na wa kiume bado yuko chuo.

Nyumba yetu ni ile ya kizamani unayoijua, fito na udongo, ukumbi katikati vyumba huku na huku, baraza mbele, ua nyuma, bati zilishakuwa nyekundu kwa kutu toka mi mdogo. Babu ndo alijenga. Sasa vuli ya mwaka juzi ukuta wa nyuma ukashuka wote usiku mmoja, bahati mama alikuwa kalala chumba cha mbele. Tukakaa kikao tukasema viraka basi, tuvunje tusimamishe upya palepale. Mama akahamia Muheza, kibali cha ujenzi tukakata jiji, na hela nikachukua mkopo mi mwenyewe kazini, utanikata miaka 4, nakuambia hili ujue hii sio hela ya kuchezea.

Kwenye kutafuta fundi mjomba (kaka yake mama) akasema hela isitoke nje wakati mwanae ni fundi, na kweli binamu kajenga jenga huko Pongwe na Kange. Nikakubali. Kuta sina neno, kaziweka vizuri, tofali za nchi 6, lenta ya zege ikamwagwa, juu ya lenta kozi 3 za tofali, vyumba vile vile na ukumbi wetu katikati kama zamani maana mama alisema nyumba isiyo na ukumbi atapokea wapi wageni. Jengo ni mita 8 upana na mita 12 kwenda ndani. Tatizo limeanza kwenye kupaua.

Mwezi wa 1 akaniandikia hesabu ya mbao kwa mkono wake, ninayo mpaka leo, kenchi 11 (zile fremu za mbao zinazobeba paa), mbao za 2 kwa 4 za dawa, zile za kijani, papi za 2 kwa 2 za kupigilia bati, misumari, jumla milioni 4 na laki 2. Nikatuma yote. Ufundi wa kupaua tulielewana laki 9, nimeshampa laki 6. Akawa ananitumia picha WhatsApp, lakini picha zake zote za karibu karibu, kenchi moja na yeye kasimama pembeni kashika nyundo anacheka. Nikamwambia mdogo wangu hebu panda basi ukaniangalizie. Shangazi, alichonitumia nilikaa chini. Kapiga picha kutoka ng'ambo ya barabara, mgongo wa paa unapanda unashuka kama dau baharini. Kahesabu kenchi ziko 7 sio 11. Kapima kwa futi, kutoka kenchi hadi kenchi ni mita 2 kamili. Mbao ya chini ya kila kenchi imeungwa katikati kabisa na kipande kifupi, misumari minne. Na mbao mbichi, anasema msumari ukipigwa maji yanachuruzika. Zile mbao za juu ya ukuta zimelazwa tu juu ya tofali, hakuna kilichozifunga.

Alafu jingine, na hili sijui hata niliseme, mdogo wangu alipopita kwa mjomba kusalimia akaona banda jipya la kuku, mbao za kijani zile zile.

Nikampigia binamu kwa upole tu, akaniambia "dada wewe umesoma vitabu mi nimesoma mapaa, bati likishakaa itajinyoosha yenyewe." Nikamtafuta fundi mwingine wa Chumbageni akapite aangalie, huyo kasema vunja kenchi zote tuanze moja, yeye anataka milioni 3 na nusu ufundi na mbao za kuongezea. Habari zikamfikia mjomba kwamba nimepeleka fundi mgeni, akampigia mama kwamba namdhalilisha mwanae mtaani. Mama akanipigia analia, usinigombanishe na ndugu yangu mmoja niliyebaki naye.

Na sio hilo tu, mama kachoka kukaa kwa mkwe. Mkwe mwenyewe ni mtu mzuri hana neno, ila mama anasema mwaka na zaidi anajitanda kila akitaka kwenda chooni usiku. Idi mwaka huu inaangukia mwezi wa 3, kashasema Idi imkute kwake Ngamiani, hata kama plasta bado, na masika nayo ndo hiyo inakuja. Sasa jana binamu kasema bati geji 32 ziko kwenye ofa, nitume milioni 3 laki 8 haraka apige bati wiki hii, mama arudi.

Nitume tu yaishe? Au nivunje zote kama alivosema yule wa Chumbageni? Na mjomba nifanye naye nini?

Ni mimi, Dada Mkubwa wa Ngamiani

---

Marahaba mwanangu, pole.

Hela ya bati usitume. Leo usitume, kesho usitume, hata akikuambia ofa inaisha saa 6 usiku. Ofa za bati zinaisha kila wiki na kuanza kila wiki, hao wauza bati mi nawajua.

Kwa wasionijua, marehemu mume wangu alikuwa seremala wa mapaa hapa hapa Tanga, mi ndo nilikuwa naandika daftari la mbao na kugombana na wenye maduka, kwa hiyo nikisema kitu cha kenchi sijakisoma mahali. Yule mzee akifika kwenye jengo la mtu, kabla hajasalimia vizuri anavuta kamba. Anaifunga kwenye kilele cha kenchi ya kwanza, anaivuta mpaka ya mwisho, anashuka anakaa kwenye tofali anaangalia. Kenchi iliyozidi inainyanyua kamba, iliyopungua inaacha upenyo. Anafanya hivo kileleni, kisha ukingoni kulia na kushoto. Mwambie mdogo wako akafanye hivo kwa uzi wa mia tano na akupigie picha, maana saivi una picha ya mawimbi lakini hujui ni kenchi ipi na ipi, huenda mbili tu ndo zinaharibu mstari wote.

Sasa hii ya "bati likishakaa itajinyoosha" imenichekesha kisha ikaniuma. Bati halinyooshi mbao, bati linafuata mbao. Mahali papi imezama bati linazama nayo, mahali imeinuka linakaa juu halilali, ile mipishano ya bati kwa bati inaachia mdomo na maji ya upepo yanaingia hapo. Na kenchi zikiachana mita 2 papi ya 2 kwa 2 peke yake inabonyea katikati hata kabla bati halijapanda, akipita fundi juu na buti zake ndo kabisa. Tulizozoea ni futi 4, ukibana sana hela futi 5. Na likishapigwa hilo bati umeshafungwa mikono, kurekebisha kenchi moja itabidi ung'oe, na bati lenye matundu halirudi dukani.

Lakini kuvunja zote nakataa. Huyo wa Chumbageni simfahamu na simsemi vibaya, ila mwanangu fundi wa pili siku zote anamkuta wa kwanza kakosea, ndo biashara yenyewe. Kuna kitu nimekiona kwenye barua yako nahisi yeye alikipita: ukumbi. Umesema vyumba ni vile vile na ukumbi katikati, maana yake una kuta mbili zinakwenda toka mbele mpaka nyuma katikati ya ule upana wa mita 8. Kama kuta hizo zimepanda mpaka usawa wa kuta za nje, kenchi yako haivuki mita 8 hewani, inavuka mita 3 hivi, inapumzika ukumbini, inaendelea. Wazee wa Ngamiani hawakuwa wajinga. Sasa kiungo kile cha katikati kinachokutisha kinaangukia juu ya ukumbi, sio katikati ya chumba, na hiyo ni nafuu kubwa sana. Muulize mdogo wako mambo mawili: kuta za ukumbi zimefika juu? Na ile mbao ya chini ya kenchi, mafundi wanaiita taibimu, imezikalia hizo kuta au kuna upenyo wa vidole? Kama kuna upenyo ijazwe kwa kipande cha mbao ngumu, sio kwa tofali lililovunjika wala karatasi za saruji, nimeyaona hayo.

Viungo vyenyewe virekebishwe hata hivo. Kipande kimoja na misumari minne ni kiungo cha banda. Ziwekwe mbao mbili, moja kila upande, ndefu kama futi 3, zipigwe misumari ipite ikunjwe upande wa pili, au bolti kama mfuko unaruhusu.

Haya tuje kwenye ile namba, 11 na 7. Barua yako nimeisoma mara tatu na kila nikifika hapo nasimama. Binamu yako aliandika 11 kwa mkono wake mwenyewe. Piga hesabu, mita 12 kwa kenchi 11 ni nafasi 10 za mita 1 na ushee, yani futi 4 kasoro kidogo, hesabu safi kabisa ya mtu anayejua kazi. Aliyeandika 11 akapandisha 7 hakukosa ujuzi, alikosa mbao. Ndo maana picha zake za karibu karibu, mwanangu, anajua. Na ndo maana anataka bati lipande wiki hii. Mbao zimekwenda wapi sitasema mimi, kuku wa mjomba wako wanajua, na inawezekana pia kuna laki mbili tatu zilimtokea mkononi akiwa na shida zake akasema nitarudisha, hela za bodaboda ya mtoto, hospitali, haya mambo yapo. Sisemi ni sawa, ila ukienda kugombana naye kuhusu ufundi utagombana mpaka Idi ya mwaka ujao, maana hapo ana majibu, wewe vitabu yeye mapaa. Kwenye mbao hana jibu, na karatasi unayo.

Kwa hiyo dawa yake ni hii. Kenchi 7 zilizopo zibaki. Kuna watu watakwambia zihamishwe ziwe sawa sawa, usikubali, kenchi iliyoshagongomewa ukianza kuing'oa inapasuka kwenye misumari unapata kuni. Ongeza moja katikati ya kila mbili, zinakuwa 13, umbali mita 1, paa linakuwa gumu kuliko hata la kwenye karatasi. Zinatakiwa kenchi 6 mpya. Katika hizo, 4 ulishalipia, hizo zitoke kwao. Mbili ndo mpya kweli, hizo toa wewe. Ufundi wa kuzipandisha usilipe zaidi ya ile laki 3 iliyobaki, na hiyo laki 3 usiitoe mpaka kamba ivutwe tena na mtu ambaye sio ndugu yenu. Kama unataka roho yako itulie mpe hela ya kula ya siku hizo, yeye na saidia wake, maana fundi mwenye njaa juu ya kenchi anapiga msumari mmoja panapotaka mitatu.

Mtu wa kuvuta kamba asiwe yule wa Chumbageni, huyo kashaingia kwenye ugomvi. Tafuta mwalimu wa useremala pale chuo cha ufundi VETA, au fundi mtu mzima wa msikitini kwenu ambaye mjomba anamheshimu na hatafuti kazi, akae nusu saa, umpe chochote.

Mbao mbichi. Hapa nina kovu langu. Nyumba yangu ya Pongwe tuliipaua mbichi, marehemu alikuwa safarini kikazi mi nikajifanya najua, mbao nimeziona za kijani nzuri zimenyooka nikashangilia. Bati likapanda siku ya tatu. Zile mbao zilivyokauka zikajikunja kama majani ya mgomba, misumari ikalegea, masika ya kwanza upepo wa usiku ukanyakua bati sita ukazipeleka shambani kwa jirani, na marehemu aliporudi hakuniambia neno hata moja, alivuta kamba tu akaniangalia. Mwee! Bora angetukana.

Wewe una bahati ya kalenda. Tuko katikati ya mwezi wa 2, jua lipo na kaskazi bado inavuma, hakuna kikaushio kama hicho. Kenchi za nyongeza zikipandishwa kabla mwezi haujaisha, ziache zote wazi zipigwe jua na upepo mpaka kama wiki ya pili ya mwezi wa 3, kisha binamu apande akazikague upya, zilizojikunja zinyooshwe kwa mbao za kuzuia kutoka kenchi hadi kenchi, misumari iliyotoka kichwa ipigwe. Hazitakauka zote hadi ndani, ila zile zenye tabia mbaya zitakuwa zimeshajionyesha. Na mvua ikiwahi? Iwahi. Kenchi kulowa siku tatu haina shida. Mbao mpya utakazonunua sasa ziwe kavu, inyanyue, mbao kavu nyepesi. Na "za dawa" usiamini rangi, mwambie mwenye duka akate ncha moja muone ndani, kama kijani kimeishia juu juu kama chai iliyomwagikia mkate, hiyo imepakwa brashi, mchwa wa Ngamiani watakuwa wameimaliza kabla mkopo wako haujaisha. Kila ncha inayokatwa pale jengoni nayo ipakwe dawa upya.

Sasa hili ambalo umelitaja kwa mstari mmoja ndo lililonitia baridi kuliko mawimbi: mbao ya juu ya ukuta imelazwa tu. Mwanangu, watu wanadhani paa linaangukia chini. Upepo unalinyanyua paa, unaingia chini ya ukingo na kulivuta juu, na paa la bati ni jepesi. Msituambie pwani yetu haina vimbunga, mwaka 1872 kimoja kiliipiga Unguja na Bagamoyo, na Mei 2024 Hidaya kilitua Mafia. Tanga hatuombei, lakini kuomba na kufunga kamba vyote vinafanyika.

Kilichotakiwa ni nondo kuachwa zimechomoza kwenye lenta wakati inamwagwa, zipite kwenye zile kozi 3 zije kuikamata mbao. Hilo limeshapita. Sasa binamu atoboe tundu ukutani chini ya lenta, narudia chini yake sio juu yake, apitishe nondo nyembamba ile ya ringi ya milimita 6 au 8, izunguke lenta na kozi zote 3, ije ifungwe juu ya wolpleti, ndo hiyo mbao ya juu ya ukuta, kila penye kenchi, na kenchi nayo ifungwe kwenye wolpleti hiyo hiyo kwa nondo au waya mnene wa kusokota. Penye dirisha ni rahisi zaidi, lenta iko wazi chini. Plasta ikija itafunika yote hutaona alama. Ni kazi ya siku mbili na nondo chache, na akikuambia haina haja usimjibu, isubiri tu laki 3 yako.

Kuna jambo hujaniuliza. Nyumba za Ngamiani za kizamani nyingi zinamwaga maji mbele barabarani na nyuma uani. Wewe umesema upana mita 8, kwenda ndani mita 12, na mgongo wa paa unaonekana unapanda na kushuka ukitazama toka ng'ambo ya barabara. Kama mdogo wako alisimama barabarani mbele kabisa akauona mgongo wote kwa urefu, sawa, utakuwa umelala kufuata barabara na mimi nimekosea. Ila kwa kenchi kukaa kwenye upana wa mita 8 kama nilivoelewa, mgongo unatoka barabarani kwenda uani, huenda alisimama kwenye kona akapiga kwa pembeni. Basi maji yako sasa yanashuka kushoto na kulia, uchochoroni, kwenye msingi wa jirani! Na kama jirani naye kuta zake bado za udongo, masika moja tu ukuta wake utafuata njia ya ukuta wenu. Uliza leo hii uchochoro una futi ngapi na ukingo wa paa unafika wapi. Gata za kukinga maji ziwekwe pande zote mbili siku ile ile ya bati, sio "tutaweka baadae", na zishuke kwenye simtangi au mapipa uani, mama atapata maji ya kufulia. Na kabla ya hapo nenda ukamsalimie jirani, mwambie mwenyewe, asije akalijua kwa kelele za mvua.

Bati lenyewe kwa ufupi. Namba ya geji ikipanda bati linakuwa jembamba, 32 ni jembamba kuliko 30, na 30 jembamba kuliko 28. Ngamiani si mbali na bahari, chumvi ya hewani inakula bati, ulishaona yale ya babu. Mi kwa nyumba ya kuishi mama 32 sipigi, bora 30 yenye rangi, na 28 kama mfuko unaweza. Umesema hii sio hela ya kuchezea, basi geji 32 karibu na bahari ndo kuichezea kwenyewe. Usiagize mpaka kenchi zimekaa sawa, maana bati la msauzi linakatwa kiwandani kwa kipimo chako, ukipima kwenye paa lenye mawimbi hakuna wa kukurudishia. Lipia mwenyewe moja kwa moja dukani, mzigo ushushwe mdogo wako akiwepo ahesabu. Na likifika lisikatwe kwa grainda, zile cheche zinaunguza rangi na kutu inaanzia hapo hapo, wakate kwa makasi. Papi ziachane futi 3 au pungufu. Mipishano ifungue upande usiotazama kusi, mvua za masika zinakuja na upepo huo.

Mjomba. Usimpigie simu, simu ndo imeharibu mpaka hapa. Omba ruhusa siku tatu uje. Uje na karatasi ile ya 11 na usiwe na mtu yeyote, wala mdogo wako maana yeye ndo aliyeona banda na mjomba anajua kaona. Keti, kunywa chai, muulize hali ya mguu au chochote kinachomsumbua, kisha mwambie hivi hivi: mjomba, mwanao kaandika 11, zimesimama 7, mama yangu atalala chini yake, nisaidie hizo 4 zipatikane. Basi. Usitaje kuku. Usitaje neno wizi, usitaje fundi wa Chumbageni, na akilitaja yeye mwombe radhi kwa kupeleka mtu bila kumwambia, maana hapo kweli ulikosea, hata mimi ningenuna. Mtu mzima ukimwachia mlango atapita, ukimbana ukutani atakukumbusha mpaka ya babu yenu. Nakupa hii kwa sababu mjomba ana njia ya kutoa mbao za kenchi 4 bila kukiri kitu, ataita "mchango wangu kwa nyumba ya dada yangu", na wewe utamshukuru mbele ya watu kwa mchango huo, umenielewa? Ushukuru kweli kweli.

Akikataa katakata, na binamu akigoma kurekebisha, basi laki 3 yako na hela ya bati viko mkononi kwako, utamlipa fundi mwingine kwa kazi hiyo hiyo ya kuongeza, sio ya kuvunja, na sidhani itafika nusu ya alichokutajia yule bwana.

Imebaki mama. Idi hii hatakuwa Ngamiani, na hakuna namna ya kulisema hilo kwa simu bila yeye kulia tena. Ila basi la kutoka Dodoma likipita Segera linafika Muheza kabla ya Tanga. Shuka hapo. Mnunulie huyo mkwe shati au kanzu ya Idi, mwombe mwenyewe kwa mdomo wako amvumilie mama mpaka mwisho wa mwezi wa 3, na mwambie mdogo wako wa Muheza amhamishie mama chumba kilicho karibu na choo, hiyo ya kujitanda usiku ukumbi mzima ingetatuliwa toka mwaka jana. Ulale kwa mama siku hiyo, umuonyeshe zile picha mbili, ile ya binamu na nyundo yake na ile ya ng'ambo ya barabara. Mama kakaa kwenye nyumba ya babu yenu miaka yote hiyo, paa lililonyooka analijua kuliko wewe. Asubuhi ndo upande gari la Tanga, na kama mama akisema anakwenda na wewe kwa kaka yake, mchukue.